Mbuzi wa Kofia kwenye Marufaa ya Shangazi

Sanduku lilikuwa la msaji, mbao nene, pembe zimepigwa misumari ya shaba. Hilo ndilo nililolitaka. Vitabu vilivyokuwamo nilivichukua kama mtu anavyochukua maganda pamoja na ndizi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Mzungu mmoja wa Raskazone, mtaa wa Wazungu, alikuwa anarejea kwao na mkewe na watoto, na vyombo walivyovichoka vilikuwa vimetolewa barazani. Kazi yangu siku zile ilikuwa kununua vitu kwa watu waliovichoka na kuviuza kwa watu ambao hawajapata nafasi ya kuvichoka: chupa, magunia, masufuria, viti vya miguu mitatu. Bibi mwenye nyumba hakutaka kusimama juani, kwa hiyo nilivutana na mpishi wake. Nikaenda mpaka langoni kama mtu aliyekata tamaa, nikarudi. Nikaenda tena, na safari hii akanifuata yeye. Hapo tukaelewana.

Nyumbani nilivihesabu vitabu. Thelathini na kimoja. Nikavihesabu tena, maana hesabu ya mara moja ni uvumi tu, nikapata thelathini. Kile kilichozidi kilikuwa jalada tupu, ndani hamna kitu, kama watu kadhaa niliowahi kufanya nao biashara.

Nilikusudia kuviuza kwa ratili kwa wauza karanga, wachane kurasa za kufungia. Lakini nilipovipanga kwenye meza yangu Ngamiani, pembeni mwa soko, nikisubiri muuza karanga wa kwanza, watu wakaanza kusimama. Vilikuwa vya namna mbili. Vingine vinene, hadithi za kale za Ulaya, maandishi madogo kama sisimizi wakihama. Vingine vyembamba na vipana, vya watoto, picha zimejaa ukurasa mzima na maneno mawili matatu yamebanwa chini kama watu waliochelewa kupata kiti.

Karani wa stesheni alinunua vinene vitatu kwa sababu vilikuwa vya kimo kimoja na vingependeza kabatini. Baadaye akarudi kutaka cha nne. Alikuwa ameanza kukisoma cha kwanza ili apate usingizi, akaukosa. Mama mmoja muuza mahamri alichukua kitabu cha picha ili mwanawe atulie mbali na mafuta ya moto. Akaja mzee wa asili ya Oman, mwenye mashamba ya minazi, akaniuliza kama nina mashairi ya Kiarabu ya zamani. Sikuwa nayo. Akaketi hata hivyo, akafungua kitabu cha watoto chenye ndege wa nchi za baridi, akawatazama mmoja mmoja kwa ncha ya kidole kama anayeogopa kuwaamsha. Kesho yake akaja tena. Nikapandisha bei nimfukuze, naye akasema bei ni ya haki, akaendelea kutazama, hakununua. Mwishowe nilimwekea kiti.

Basi nikaacha kuuza kwa ratili.

Kati ya waliokuja alikuwamo mwalimu wa shule ya wasichana. Buibui lake lilikuwa na vumbi la chaki ubavuni. Alitaka vya picha kwa ajili ya darasa lake la wadogo. Nikataja bei, bei ya kuanzia mazungumzo, ile ambayo muuzaji na mnunuzi wote wawili wanajua kuwa ni salamu tu. Yeye akafungua kipochi akalipa. Nilishikwa na kizunguzungu. Mtu asiyepunguza bei ama ni tajiri, ama ni mgeni, ama ana haraka. Huyu hakuwa tajiri, na haraka hakuwa nayo, maana alibaki pale akikagua kurasa asije akachukua kilichochanika. Nikamwuliza kwa nini hakuvuta bei.

"Umeniambia kina thamani hiyo," akasema. "Au si kweli?"

Nikamrudishia baadhi ya hela zake, na ni mara ya kwanza katika maisha yangu mkono huu kwenda upande ule bila kusukumwa. Nikajua nimepatikana.

Alikuwa mtu wa Maramba, baba yake mkulima, na Kiswahili chake kilikuwa na mwendo wa Kidigo hasa alipokuwa akicheka. Akawa anakuja kila mshahara. Mimi nikawa namwekea vitabu kando na kuwaambia wengine vimekwisha.

Sasa, kwetu mwanamume hajipeleki. Anapelekewa. Wazazi wangu walikuwa wametangulia mbele ya haki, na aliyenilea ni shangazi, dada yake baba, mjane, tuliyekaa naye Makorora wakati ule ambapo Makorora ilikuwa na minazi mingi kuliko nyumba. Asipokwenda yeye kuposa, hakuna posa. Naye alikuwa na mtu wake tayari: binti ya ami yangu, msichana mzuri asiye na kosa lolote isipokuwa kwamba hakuwa yule mwalimu.

Nilimweleza shangazi. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Akaniuliza anasali, nikasema anasali. Akauliza anapika, nikasema sijui. Akauliza kama ana adabu.

"Ana adabu," nikasema.

"Umejuaje? Wewe unamwona kwenye biashara. Kwenye biashara kila mtu ana adabu mpaka chenji irudi." Akapepeta ungo. "Mlete Alhamisi nimwone. Asijue kuwa anaonwa."

Hapa inanibidi niieleze Alhamisi ya shangazi, kwa sababu yote yaliyofuata yalitokea humo.

Shangazi alikuwa msomaji. Hakupata kuingia shule ya serikali, na herufi za Kizungu zilikuwa kwake kama nyayo za kuku mchangani. Lakini Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu alikisoma kama maji yanavyoshuka, na alikuwa na tendi za zamani, nakala za mkono, alizorithi kwa mama yake. Kila Alhamisi baada ya alasiri wanawake wa mtaa walikusanyika ukumbini kwake. Udi ukafukizwa, kitabu kikawekwa juu ya marufaa, ile meza ndogo ya kukunja ya kuwekea msahafu, naye akasoma kwa sauti ya kuimba. Wengi wa wale wanawake walikuwa wanazijua beti hizo kwa moyo. Hawakuja kusikia jambo jipya. Walikuja kulilia mahali palepale walipolilia mwaka jana.

Na palikuwa na sheria moja. Anayemsahihisha msomaji hupokea kitabu. Ukisema "hapo umeruka ubeti", marufaa inageuzwa kwako, unasoma wewe mpaka mwisho, na msomaji anaegemea ukuta anakunywa kahawa. Sheria hiyo ilizuia ujuaji mwingi. Ni rahisi kuona kosa la mwenzio. Kubeba beti mia mbili kwa koo kavu ni habari nyingine. Wanawake waliokuwa hodari kabisa wa kukosoa mchele wa harusi walikaa kimya kama mitungi shangazi alipoteleza.

Vitabu vya picha viliingia katika Alhamisi hiyo kwa mlango wa nyuma. Vile vilivyovunjika mgongo nilivileta nyumbani nivigange kwa gundi ya muhogo, na watoto waliofuatana na mama zao wakawa wanavigombania. Ili kuwanyamazisha, siku moja utenzi ulipokwisha, shangazi alikichukua kimojawapo akakiweka kwenye marufaa. Alisema bismillahi. Akakifungua.

Akakifungua kuliani. Kitabu ni kitabu, na kitabu cha herufi za Kiarabu huanzia kulia. Kwa hiyo alianzia pale ambapo Mzungu alimalizia.

Kilikuwa kitabu cha mbuzi mdogo. Nilikijua, kwa sababu picha hazihitaji Kiingereza. Ukikifungua kwa upande wa wenyewe, mama mbuzi anamvisha mwanawe mlangoni: kofia ya ukindu, viatu, kikapu cha chakula, mwavuli. Aende moja kwa moja kwa bibi yake, asicheze njiani. Bila shaka anacheza. Kunguru anaondoka na kofia, mbweha na kikapu, bata na mwavuli, na viatu vinaishia kwa nguruwe. Mvua inamnyea. Ukurasa wa mwisho yuko kitandani kwa bibi, kitambaa cha baridi kichwani, na bibi amemnyooshea kidole. Kitabu cha hasara tupu. Mimi kama mfanyabiashara kilinichefua.

Shangazi alianza kitandani. Mbuzi yatima alikuwa mgonjwa, bibi yake akamnyooshea kidole akamwambia: amka mjukuu wangu, mama yako hakufa, nenda kamtafute. Akatoka na mvua, hana kitu mwilini. Akakutana na mnyama mnene, akampa viatu. Shangazi aliniuliza kwa sauti kupitia pazia lililonitenga nao ni mnyama gani yule, nami nikasema kiboko mchanga, maana sikuona faida ya kumwingiza nguruwe kwenye marufaa. Bata wakampa mwavuli. Mbweha akampa kikapu cha chakula. Kunguru, ambaye watu humsema vibaya, akashuka na kofia. Na ukurasa wa mwisho, yaani ule wa kwanza, mbuzi amevaa akapendeza, yuko mlangoni kwa mama yake, na mama anamtengeneza kofia kwa mikono miwili.

Wanawake wawili walijifuta macho. Watoto wakataka kisomwe tena.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, barazani, kidole kwenye gundi. Wanaume hatukuingia ukumbini Alhamisi. Nilifungua mdomo kumwambia shangazi kuwa kitabu kinaanzia upande wa pili, kisha nikaikumbuka sheria, nikapiga hesabu ya watoto walioko mle ndani, nikapiga tena, nikafunga mdomo.

Kikawa ndicho kitabu chao. Kila Alhamisi, utenzi kwanza kwa wakubwa, mbuzi baadaye kwa wadogo. Watoto wasiokuwa na mama wa kufuatana naye wakawa wanafuatana na mama wa wenzao.

Katika hali hiyo ndiyo nikamwambia mwalimu kuwa nina vitabu vizuri zaidi nyumbani, aje Alhamisi awachagulie wanafunzi wake, shangazi atampokea. Niliona nimepanga vizuri. Bidhaa nzuri, mnunuzi mgumu, na wote wawili hawajui kuwa kuna mauzo.

Alifika kwa wakati. Nikamsikia akibisha hodi upande wa uani, akitoa shikamoo zake kwa shangazi na kwa kila mkubwa aliyekuwamo, moja moja, bila kuziunganisha kama wafanyavyo watu wa mjini. Nikasema moyoni: hiyo ni pointi. Akaketi na kusikiliza utenzi mpaka mwisho, na nilimsikia akimwuliza jirani yake kwa sauti ya chini maana ya neno la zamani. Hiyo ya pili.

Kisha marufaa ikageuzwa kwa watoto. Mbuzi akawa mgonjwa kitandani. Bibi akamnyooshea kidole. Shangazi ndiyo kwanza anamtoa nje kwenye mvua, ikasikika sauti ya mwalimu, ya upole, sauti ya mtu anayemwokotea mwenzie leso iliyoanguka.

"Samahani bibi. Kitabu hiki kinaanzia huku."

Nilisikia kikombe kikiwekwa chini. Halafu nikasikia mguu wa marufaa ukikwaruza sakafu, na sauti ya mama muuza mahamri ikieleza, kwa furaha isiyofichika, kuwa kwetu anayesahihisha hupokea.

Mwenzangu, alipokea. Hakujua sheria, hakujitetea, akakivuta kitabu akaanza mwanzo. Alisoma Kiingereza sentensi kwa sentensi na kukigeuza Kiswahili neno kwa neno, kwa uangalifu kama anayevuka mto kwa mawe. Kila kitu kilikuwa sahihi. Kofia ikaenda, kikapu kikaenda, mwavuli ukaenda. Kufika kwa viatu akasema nguruwe, kwa sababu palikuwa pameandikwa nguruwe, na nikasikia mikeka ikisogezwa. Akamlaza mbuzi kitandani, akasoma maneno ya bibi, kwamba mtoto asiyesikia la mkuu huvunjika guu, au Kiingereza kinachokaribiana na hilo, akafunga kitabu.

Binti ya muuza mahamri, aliyekuwa hana meno ya mbele, akauliza: "Na nani atamtoa?"

Mwalimu akasema hadithi imekwisha.

"Haijesha," akasema yule mtoto. "Bibi humtoa." Akaanza kulia, na kilio cha mtoto mmoja katika chumba cha watoto hakikai peke yake. Adhana ya magharibi ndiyo iliyotuokoa. Watu walivaa viatu vyao bila kuagana sana. Mwalimu akaondoka bila kuchagua kitabu hata kimoja, na alipopita barazani aliniambia tu kwamba hakukusudia.

Tulikula kwanza. Kisha shangazi akaniuliza ni tangu lini anakisoma kile kitabu kinyume.

"Tangu siku ya kwanza."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua. Ningesema, ningegeuziwa mimi."

Nilidhani atacheka. Akachukua kitabu cha mbuzi, akakifunga katika kitambaa kilekile alichofungia tendi zake, akakitia chini kabisa ya kasha. Akaniambia amesoma miaka yote hii mbele za watu wala hajapata kuonekana mjinga, na sasa imekuwa mbele ya wajukuu wa watu. Kuhusu mwalimu hakulaumu, na hilo ndilo lililonitia hofu. Shangazi akilaumu kuna mlango wazi. Alisema tu kwamba Alhamisi ijayo, akishamaliza kusoma, atakwenda kwa ami yangu kuzungumza habari za binti yake, maana mambo ya kuvutana yamemchosha.

Nilijaribu kila nilichokijua. Nilimwambia mwalimu ana kazi. Akasema binti ya ami ana mikono. Nilimwambia Maramba kuna mahindi mazuri. Akasema sokoni pia. Nilikwenda mpaka mlangoni kama mtu aliyekata tamaa, nikangoja kuitwa. Hakuniita. Ikabidi nirudi mwenyewe, kwa kuwa ndiko nilikokuwa naishi.

Mwalimu hakuja mezani wiki ile. Mzee wa ndege wa baridi aliniuliza kwa nini nimekuwa nakubali bei ya kwanza ninayotajiwa. Nikamwambia ni joto.

Alhamisi ikafika. Shangazi alivaa leso mpya chini ya buibui, tayari kwa safari ya kwa ami, akasoma utenzi wake kwa haraka kuliko kawaida. Watoto walikuwa wamekuja, si kwa kuitwa. Walikaa kando ya ukuta bila kuomba chochote, kimya, na hakuna dai kali kama hilo. Shangazi alikunja marufaa.

Ikasikika hodi.

Shikamoo zilianza tena, moja moja. Sikuamini masikio yangu mpaka alipofika kwa shangazi, akaketi chini mbele yake. Nilisogeza pazia kwa upana wa kidole. Siogopi kusema hivyo; ambao wangenigombeza wote wametangulia.

"Bibi," mwalimu akasema, "nimeuliza watu, wakanieleza ada yenu. Aliyepokea kitabu hana budi kukimaliza. Na mimi mtoto mmoja alisema sikukimaliza."

"Ulikimaliza," shangazi akasema. "Tulisikia wote."

"Alikuwa analia. Kingekuwa kimekwisha asingelia."

Shangazi akaenda chumbani. Alikaa huko hata nikadhani anatafuta njia ya kutokea dirishani. Akarudi na kitambaa, akakifungua mafundo taratibu, akaikunjua marufaa tena.

Mwalimu akaanzia upande wa wenyewe, kushoto. Lakini safari hii hakusoma Kiingereza. Alikuwa amekwisha kukisoma, kitabu kilikuwa kichwani. Alichofanya sasa ni kusimulia. Kunguru wake alizungumza kama dalali wa mnada wa samaki. Mbweha alikula kiapo kwa kila alichokigusa. Alipofika kwa yule mnene alisita kidogo, akatupa jicho kwa shangazi, akasema: "Kiboko." Wanawake wakapumua. Kitu baada ya kitu mbuzi akavuliwa, mvua ikamnyea, akafika kwa bibi anatetemeka, akalazwa. Yule mtoto asiye na meno alikuwa amekwisha kuuvuta mdomo wake tayari kwa kazi.

Mwalimu hakufunga kitabu. Aliigeuza marufaa, kitabu kikiwa wazi pale pale kwenye ukurasa wa kitanda, mpaka kikamwelekea shangazi.

"Mimi kumpeleka nimeweza," akasema. "Kumrudisha sijui. Mrudishe wewe, bibi."

Nasema kweli, nimeuza na kununua kwa miaka mingi, nimeona watu wakipeana nyumba, mashua na mashamba, sijaona kitu kikipita mkono kwa mkono namna ile. Shangazi hakuuliza lolote. Alisema bismillahi, akaweka kidole kwenye kitanda.

"Akaamka," akasema.

Na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo sikulipigia hesabu hata mara moja. Hadithi ya shangazi haikuwa tena ile ya zamani. Zamani kiboko na bata walikuwa wakigawa vitu kwa ukarimu tu, hujui wamevipata wapi. Sasa watoto walijua. Shangazi alipomfikisha mbuzi kwa kiboko na viatu vikatoka, mtoto mmoja akadakia: "Anavirudisha!" Shangazi akasimama, akaitazama picha kama anayeiona leo, akasema ndiyo, anavirudisha, na ameona haya, mtazameni macho yake. Bata nao wakaona haya. Mbweha alikiri kuwa amekula maandazi mawili. Kunguru akaomba radhi kwa beti mbili ambazo shangazi alizitunga pale pale, za vina, wanawake wakaitikia. Mama mbuzi alipomweka mwanawe kofia vizuri, ukumbi ulikuwa na kelele za harusi.

Mwalimu alikuwa ameegemea ukuta. Mtu alikuwa amempa kikombe cha kahawa, kama ilivyo haki ya aliyemaliza zamu yake, naye alikuwa anakinywa huku akiitazama midomo ya shangazi kama mwanafunzi.

Baada ya watu kuondoka alibaki kusaidia kukunja mikeka. Shangazi akamwuliza Maramba ni upande gani, mama yake ni wa ukoo gani, na kama ni kweli kwao muhogo hupikwa na nazi mara mbili. Akajibu yote. Akaomba, kama si usumbufu, afundishwe kuzisoma zile herufi za tendi, maana bibi yake mzaa mama alikuwa nazo na yeye hakuwahi kujifunza. Shangazi akasema herufi hazina haraka, na akamsindikiza mpaka njiani, jambo ambalo hakulifanya hata kwa mke wa liwali.

Aliporudi nilikuwa nimekaa barazani na kitabu kisichohitaji gundi, nakitia gundi. Alivua buibui lake la safari akalitundika.

"Si ulikuwa unakwenda kwa ami?" nikauliza.

"Kwa ami nitakwenda Jumapili. Kunywa chai." Akaketi akanyoosha miguu. "Wewe ulijua ukaogopa kupokea. Yule hakujua kitu, akapokea, na akarudi." Akajipepea kwa ncha ya leso. "Basi la Maramba huondoka saa ngapi?"

Nikamwambia saa mbili asubuhi, pale sokoni. Akaniagiza nimkatie tikiti ya kiti cha mbele, na nisithubutu kuvutana bei na utingo mbele za watu, kwa sababu anakwenda kuposa na anataka apande kwa heshima.